Fideri sambamba za kreni ya juu: breka moja, breka mbili, au kila fideri na kipande chake cha reli?

Kreni ya juu ikianza kusuasua inapofika mwisho wa njia yake, wa kwanza kulaumiwa huwa mota, wa pili breki. Mara nyingi kosa liko kwenye volteji. Torki (nguvu ya kuzungusha) ya mota ya induksheni hufuata mraba wa volteji: volteji ikishuka hadi asilimia 90, torki hubaki asilimia 81, na koili za kontakta na za breki nazo huanza kulegea. Hapo mtu husema tuvute kebo ya pili ya kulisha, yaani fideri ya pili. Kebo inavutwa, kreni inapata nguvu, na kila mtu anafurahi. Swali linaloachwa nyuma ni hili: kebo hizo mbili zinakingwa na nini, na siku fundi anapanda juu kubadilisha brashi zinazochukua umeme kwenye reli, anazizima wapi?

Jibu linategemea namna zilivyofungwa, na namna ziko nne zinazokutwa viwandani. Ili tuzilinganishe kwa haki, tushike mfano mmoja: reli ya umeme (ile inayoipa kreni umeme njiani) ya mita 120, mfumo wa fezi tatu wa volti 400, kreni inayovuta ampea 200, na reli yenye ukinzani wa miliomu 0.3 kwa mita, yaani miliomu 36 kutoka mwisho hadi mwisho. Namba zako zitoe kwenye karatasi ya mtengenezaji wa reli. Hizi ni za kufanyia hesabu tu.

Kwanza, umeme unaingilia wapi

Ukilisha reli hiyo kwenye ncha moja na kreni ikawa ncha ya pili, volteji inayopotea njiani ni volti 12.5, karibu asilimia 3.1, kabla hujahesabu kebo inayotoka kwenye ubao wa umeme. Ukiuhamishia mlisho katikati, hasara ya juu kabisa inashuka hadi volti 6.2. Ukilisha ncha zote mbili, mahali pabaya zaidi panakuwa katikati, na hapo nusu mbili za reli zinafanya kazi sambamba, kwa hiyo hasara ni robo tu: volti 3.1.

Robo inavutia. Lakini angalia kwamba nusu uliipata bila fideri ya pili. Katika majengo mengi kuhamishia mlisho katikati ya njia ya kreni kunamaliza tatizo, na makala haya yote hayakuhusu tena. Endelea kusoma kama hesabu yako bado haijatosha, au kama unataka fideri ya pili kwa sababu nyingine, hasa kreni isisimame kebo moja ikiungua.

Kebo sambamba chini ya breka moja

Kebo mbili zinatoka kwenye breka moja, zinaishia kwenye aisoleta (swichi ya kutenga umeme) moja karibu na njia ya kreni, na kuanzia hapo mlisho unaoingia kwenye reli ni mmoja. Kwa anayekinga na anayetenga, hiyo ni fideri moja iliyotengenezwa kwa kebo mbili.

Kwa kutenga, mpango huu hauna mpinzani. Mkono mmoja unashushwa, kufuli moja linafungwa, reli yote haina moto, yaani haina umeme. Kifungu cha 610.31 cha kanuni za umeme za Marekani, NEC, kinataka kati ya chanzo cha umeme na reli za kreni pawe na kifaa cha kukata kinachofikika na kuendeshwa kutoka sakafuni, kinachofungika kwa kufuli kikiwa wazi, kinachokata waya zote zenye moto kwa pamoja, na kilichowekwa mahali ambapo reli inaonekana. Mpango wa breka moja unatimiza hayo bila ujanja wowote. Hata kama nchi yako haifuati NEC, orodha hiyo ni kipimo kizuri cha kujihoji.

Udhaifu uko kwenye ukingaji. Tuseme breka ni ya ampea 250 na kila kebo inahimili 135. Zikigawana sawa, zina nafasi ya kutosha. Sasa lagi moja, kichwa cha kuungia kebo, inalegea na kuungua. Kebo iliyobaki inabeba ampea 200 peke yake, breka ya 250 inaona kila kitu kiko sawa, na insulesheni inaiva taratibu. Hakuna breka ya kawaida itakayokuonya. Kinachosaidia ni kupima kila kebo, fezi kwa fezi, kwa klampu mita kreni ikiwa na mzigo, na kurudia kipimo hicho kwenye kila matengenezo. Kiwango cha kimataifa cha umeme, IEC 60364-4-43, kinahesabu mgawanyo kuwa si sawa pale tofauti inapozidi asilimia 10 ya mkondo uliopangiwa kila waya. Ukiona hivyo, kila kebo inabidi ihesabiwe na kukingwa kivyake.

Ili zigawane sawa, kebo ziwe za urefu mmoja, metali moja, unene mmoja na zifungwe kwa namna moja, na kila kebo ibebe fezi zote tatu. Fezi moja ikijazwa kwenye bomba moja la chuma na nyingine kwenye bomba jingine, bomba lenyewe litapata joto. NEC hairuhusu, kwa matumizi ya kawaida, kuunganisha sambamba waya wembamba kuliko 1/0, ambao ni takriban milimita mraba 53.

Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: kuweka aisoleta ndogo kwenye kila kebo ili moja iweze kutolewa ikapimwa huku nyingine ikiendelea. Kiwango hichohicho cha IEC kinakataza. Kifaa kimoja kikiwa kinakinga waya sambamba, katikati yake pasiwe na tawi wala kifaa cha kutenga au kukatia. Siku atatokea mtu ataifungua moja, atasahau, na breka ya 250 itabaki inalinda kebo ya 135.

Breka mbili, reli moja

Huu ndio mpango unaopendwa sana mezani na unaosumbua sana kazini. Fideri A inaingia ncha ya kushoto, fideri B ncha ya kulia, kila moja na breka yake. Mchoraji anawaza kwamba mzigo ni ampea 200, kila fideri itabeba 100, basi breka za 125 zinatosha.

Hazitoshi, kwa sababu kreni inatembea. Tuzipe kebo zote mbili ukinzani wa miliomu 10, halafu tuisogeze kreni:

| Kreni ilipo | Fideri A | Fideri B |
|---|---|---|
| Ncha ya A | ampea 164 | ampea 36 |
| Mita 30 kutoka A | ampea 132 | ampea 68 |
| Katikati | ampea 100 | ampea 100 |
| Mita 90 kutoka A | ampea 68 | ampea 132 |
| Ncha ya B | ampea 36 | ampea 164 |

Kadiri kebo zinavyokuwa nene na reli inavyokuwa ndefu, ndivyo fideri ya karibu inavyobeba karibu mzigo wote. Kreni zikiwa mbili na zote zikakutana upande mmoja, hali ni mbaya zaidi. Breka ya A inajikata, B inarithi mzigo wote, na B nayo inajikata baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kila fideri lazima iweze kubeba mzigo mzima, na ile akiba ya shaba ya kebo nyembamba aliyoiwaza mchoraji haipo.

Shoti nayo ina tabia yake hapa. Kebo ya B ikichomwa na kitu katikati ya njia yake, kosa linalishwa pande mbili: moja kwa moja kutoka breka ya B, na kwa mzunguko kupitia A, reli yote, hadi ndani ya kebo ya B kutokea nyuma. Breka ya B inafunguka, lakini A inaendelea kulisha kosa lilelile mpaka nayo itambue. Je, itatambua? Chukua shoti ya fezi kwenda athi (ardhi) kwenye ncha ya B. Baada ya B kufunguka, A inaona miliomu 10 za kebo na 36 za reli, na kiasi kilekile kwenye njia ya athi ya kurudia, jumla 92. Volti 230 kwa miliomu 92 ni ampea 2,500. Breka ya ampea 200 iliyowekwa kukata papo hapo kwenye mara kumi ya ampea zake inahitaji 2,000. Inapita, lakini sijaweka ukinzani wa transfoma wala joto la kebo. Reli ikirefuka kidogo, breka hiyo itakata taratibu, kwa joto, badala ya kukata papo hapo, na sekunde hizo ni nyingi kwa kebo inayoungua.

Tiba ya kweli ni breka hizi kuvutana: moja ikijikata kwa hitilafu, inaiangusha ya pili kupitia koili ya kukatia. Ukifanya hivyo kosa linaondoka kwa mara moja, lakini ile ndoto ya "moja ikiungua nyingine inaendelea" imekwisha, maana zote zinaanguka pamoja. Ukiitaka ndoto hiyo, itabidi uweke kifaa cha kukinga kwenye ncha zote mbili za kila fideri, pamoja na relei zinazotambua mkondo unaelekea wapi. Kwa karakana ya kawaida hiyo ni gharama ya kushangaza kwa tatizo ambalo mpango wa nne, utakaoonekana huko chini, unalimaliza kwa urahisi.

Vilinda-uvujaji, vifaa vinavyokata umeme mkondo ukivuja kwenda athi, navyo hugombana na mpango huu. Ukiweka kimoja kwenye kila fideri, kila kimoja kinatarajia jumla ya mikondo ya fezi zake tatu iwe sifuri. Lakini kiungo kimoja kilicholegea kidogo kwenye fezi moja ya B kinafanya fezi hiyo ipite zaidi kwa A. Jumla ya mfumo mzima ni sifuri. Jumla ya kila fideri siyo. Kifaa kinakata bila kosa lolote la athi, na mafundi wanaishia kukiondoa.

Halafu kuna kutenga, na hapa ndipo watu wanapofia. Umeizima A, umefunga kufuli, umebandika lebo, na reli bado ina moto kutoka B. Hata ncha ya kebo ya A uliyoizima ina moto, upande wa reli. Kitufe cha dharura kilichounganishwa na breka moja tu hakizimi kitu. Mpango huu ukilazimu, aisoleta zote mbili ziwe na maandishi yanayosema wazi kwamba reli inalishwa kutoka sehemu mbili na ya pili iko wapi, kitufe cha dharura kiangushe zote, na kufuli ziwe za funguo zinazotegemeana: funguo ya kupandia kwenye njia ya kreni haitoki mpaka funguo za A na B ziwe zimeingizwa pamoja. Chini ya NEC kuna kikwazo kingine, kifungu cha 240.8, kinachokataza breka au fyuzi kuunganishwa sambamba isipokuwa zimeunganishwa hivyo kiwandani na kuidhinishwa kama kifaa kimoja. Mpelekee mkaguzi mchoro kabla ya kununua kebo.

A na B zikitoka kwenye transfoma mbili tofauti, usizifunge pamoja. Kutakuwa na mkondo unaozunguka kati ya transfoma hata kreni ikiwa imelala, nguvu ya shoti zitajumlishana hadi breka zishindwe kuikata, na transfoma iliyozimwa kwa matengenezo inaweza kupata moto kutokea nyuma.

Reli iliyokatwa vipande

Hapa reli inagawanywa, na kila fideri inalisha kipande chake. Ukingaji unarudi kuwa rahisi: breka moja, kebo moja, kipande kimoja. Karakana yenye kreni kadhaa kwenye njia moja inaweza kuzima kipande cha mwisho, kreni moja ikatengenezwa huko, na nyingine zikaendelea na kazi. Kwa kiwanda kisichoweza kusimama, naona huu ndio mpango wa maana.

Hatari yake iko kwenye pengo. Kreni nyingi zina brashi mbili kwa kila fezi, zilizopishana ili umeme usikatike zinapopita kwenye kiungo. Brashi hizo zikikanyaga pande mbili za pengo, vipande viwili vinaungana kupitia kreni. Ikiwa vyote vina moto kutoka ubao mmoja, umerudi kwenye mpango wa breka mbili kwa muda kidogo. Ikiwa kimoja kimezimwa na kuna mtu ameshika reli, kreni ya jirani imekipa moto kipande chake. Kufuli lake bado limefungwa.

Dawa ni pengo la insulesheni lililo refu kuliko umbali kati ya brashi ya kwanza na ya mwisho, au kipande kifupi kisicho na mlisho katikati ya vipande viwili. Vilevile paweko kizuizi cha chuma kinachoisimamisha kreni kabla ya kufika kwenye pengo wakati wa matengenezo, na swichi ya kikomo juu yake. Programu peke yake isiaminiwe. Upande wa pili wa sarafu hii ni kwamba kreni inayovuka pengo refu inapoteza umeme kwa muda. Breki za kreni hufungwa na springi na kufunguliwa na umeme, kwa hiyo mzigo hautaanguka, ila kreni itasimama kwa kishindo na mzigo utabembea. Kreni ya sumaku ni jambo jingine kabisa: umeme ukikatika bila betri ya akiba, sumaku inaachia. Huko usiweke pengo refu kwenye njia ya kazi.

Moja kazini, moja akiba

Fideri mbili, kila moja imetoshea mzigo mzima, zinakutana kwenye swichi ya kubadilishia ambayo kwa ufundi wake wa chuma haiwezi kufunga zote mbili kwa wakati mmoja. Chini ya swichi hiyo kuna aisoleta moja ya reli. Anayetenga anashughulika na aisoleta hiyo tu. Anayekinga ana fideri moja ya kuhesabu kwa wakati mmoja, na vyanzo vinaweza hata kuwa transfoma mbili tofauti.

Unachopoteza ni dakika chache za kubadilisha, na hasara ya volteji haipungui hata kidogo. Mambo mawili zaidi ya kuzingatia: kebo zipite njia tofauti, kwa sababu zikilala kwenye trei moja, ajali moja ya moto itazichukua zote, na fideri ya akiba ipewe zamu ya kufanya kazi mara kwa mara, la sivyo utagundua ubovu wake siku unapoihitaji.

Ipi inakufaa

Kama ulichokosa ni uwezo wa kubeba mkondo, chukua breka moja yenye kebo sambamba na mlisho wa katikati. Kama unaogopa kreni kusimama, chukua ya akiba. Kama kreni ni nyingi na matengenezo hufanyika kazi ikiendelea, kata reli vipande na ugharamie mapengo vizuri.

Kama tatizo ni volteji kwenye njia ndefu sana, bado nisingeanza na breka mbili. Kuna njia inayokupa ile robo bila kukuletea kufuli mbili: breka moja, aisoleta moja karibu na njia ya kreni, kisha kutoka kwenye aisoleta kebo mbili kwenda ncha mbili za reli, au kebo inayoandamana na reli na kuungwa nayo kila baada ya umbali fulani. Kwa kuwa mgawanyo hubadilika kila kreni inaposogea, kila kebo iwe nene kiasi cha kubeba kiwango chote cha breka, ama ukubali kuongeza unene wa reli yenyewe. Shaba inaongezeka, lakini anayepanda juu anashusha mkono mmoja.

Mipango yote yenye njia mbili za kufika kwenye reli ina kipimo kimoja kisichorukwa kabla ya kuwasha. Kabla ya kufunga swichi ya pili, pima volteji kati ya fezi yenye jina moja upande huu na upande ule wa swichi iliyo wazi. Iwe karibu na sifuri kwa zote tatu. Ukisoma karibu 400, waya zimebadilishana nafasi, na kufunga ni shoti. Kipima mwelekeo wa mzunguko hakitoshi: fezi zikisogea zote nafasi moja, mwelekeo unabaki sahihi na kila fezi inakuwa mahali pasipo pake.

Baadaye pima mkondo wa kila kebo kreni ikiwa ncha moja, katikati, na ncha ya pili, ikiwa na mzigo wake kamili, na uandike namba hizo kwenye mlango wa ubao. Mwisho zima kwa utaratibu uleule atakaoufuata fundi wa matengenezo, kisha panda upime reli yenyewe, fezi kwa fezi na fezi kwa athi, kwenye kila kipande na kwenye ncha zote, ukikijaribu kipimio kwenye chanzo chenye moto kabla na baada.